Si Kila Cheupe ni Yangeyange

Malenga wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita nilitunga shairi juu ya ndege mweupe niliyemwona kwenye maji ya kina kifupi, upande wa Kibondo, ambako ardhi huteremkia mabonde ya mto Muyovozi. Nilimwita yangeyange, nikausifu weupe wake kuwa usafi wa moyo, kisha nikaeleza alivyoupitisha mdomo majini, kushoto na kulia, kama mtu afyekaye nyasi. Mzee mmoja mvuvi aliposomewa beti hizo alicheka. "Mwanangu," akasema, "yangeyange hafyeki. Yangeyange husimama kimya, kisha hudunga."

Niliyemwona alikuwa domomwiko. Mdomo wake ni bapa, umepanuka nchani kama mwiko wa ugali; uso wake mwekundu, na miguu yake vivyo hivyo. Arukapo hunyoosha shingo, ilhali yangeyange huikunja mabegani. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, nikayaacha, kwa kuwa weupe ulikwisha kunitosha.

Kosa hili si langu peke yangu. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania, ina ukubwa wa hekta 3,250,000, nayo imeshika sehemu za Kibondo na Kasulu. Mgeni ajaye kutembea huko huona weupe mtupu, na mgeni asamehewe. Mshairi je? Kwake wote ni yangeyange, au akizidiwa, korongo. Neno ambalo wakulima wa miinuko yetu hulitumia pia kwa mfereji uliochimbwa na mvua shambani.

Hata yangeyange wenyewe si mmoja. Yule mkubwa ana shingo yenye kifundo na miguu myeusi hadi vidoleni. Mdogo wake ana mdomo mweusi na miguu myeusi, ila vidole ni vya njano, utadhani amekanyaga manjano jikoni. Wa tatu ni yule mfupi afuataye ng'ombe, na hapa pana jambo la kuwafikirisha wanaomfananisha bibi harusi naye: majira ya kutaga yafikapo, utosi, kifua na mgongo wake hugeuka rangi ya kutu. Yaani msimu wake wa ndoa ndio msimu asiokuwa mweupe! Wala haongozwi na huruma kwa ng'ombe, kama tunavyopenda kuimba. Anafuata panzi wanaotimuliwa na kwato.

Najua jibu litakalokuja: mshairi si mtaalamu wa wanyama, tena anabanwa na arudhi. Hebu tuhesabu. Ya-nge-ya-nge, mizani nne. Do-mo-mwi-ko, mizani nne. Ko-ro-ngo ni tatu; kwa-ra-ra, yule mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi na mdomo uliopinda kama mundu, naye ni tatu. Katika kipande cha mizani nane, mmoja hukaa mahali pa mwenzake bila kuuvunja mshororo. Na kwa upande wa vina, atafutaye mwisho wa -ko ana ghala zima, ilhali wa -nge atahangaika. Arudhi basi haimbani mtu hapa; kinachokosekana ni kutazama.

Nasikitika zaidi kwa sababu neno yangeyange linastahili heshima. Jirani zetu wa Burundi na Rwanda humwita ndege huyu inyange. Waganda wana ukoo wa Nnyange. Mtoto wa Kasulu, aliyekua akisikia Kirundi ng'ambo ya mpaka, husikia ukoo huo mara tu neno litamkwapo. Neno lenye jamaa wengi hivyo tumelifanya gunia la kutia kila chenye manyoya meupe.

Shairi langu nimelirudia. Yangeyange ametoka, domomwiko ameingia, na mizani imetulia. Ubeti wa tatu ndio ungali unanisumbua: niliujenga wote juu ya usafi, na sasa uso ule mwekundu unanitazama.