Mikono ya Baba na Pikipiki

Mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya mikono ya waume zetu, hasa wale wanaotafuta riziki kwa pikipiki: mwalimu, bwana shamba, mwinjilisti, kijana wa bodaboda. Mume anaweza kuwaficha watu wote maumivu yake, lakini mkewe hamfichi. Asubuhi tunamwona akihangaika na vifungo vya shati. Tunamwona akimpa mtoto chupa ya chai amfungulie kifuniko. Baada ya dakika chache mtu huyo huyo anawasha pikipiki, na mtoto anapanda nyuma yake kwenda shuleni.

Hapo ndipo penye hatari. Mkono wa kulia hushika breki ya mbele, nayo ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuisimamisha pikipiki. Mkono wa kushoto hubana klachi. Vidole vilivyokakamaa vinaweza kuvuta breki vizuri tu pale uani; mbuzi akikatiza barabarani ni jambo jingine.

Ugonjwa huu tunauita baridi yabisi, na jina hilo limetupoteza wengi. Tunadhani umeletwa na upepo wa safarini, basi dawa yake ni sweta na mafuta ya kuchua. Ni kweli baridi huongeza maumivu, waulizeni watu wa Njombe mwezi wa Julai, lakini siyo chanzo. Iko aina inayotokana na kuchakaa kwa gegedu ndani ya kiungo. Hupenda shina la kidole gumba na viungo vya ncha za vidole. Iko nyingine ambapo kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo. Hii huvimbisha vifundo vya mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi waweza kudumu saa nzima au zaidi.

Aina hii ya pili haitaki kungojewa. Isipotibiwa mapema hula mifupa na kupinda vidole. Dawa za kuizuia zipo, kama methotrexate, ambayo kwa ugonjwa huu hutumiwa mara 1 kwa juma, siyo kila siku, kwa maagizo ya daktari. Na kwa mama mjamzito haifai kabisa. Vidonge vya maumivu vya dukani haviizuii, na vikimezwa mfululizo vinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Tena aina hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, basi wewe muuguzi unayeendesha pikipiki mwenyewe, usidhani tunamsema baba peke yake.

Pikipiki nayo ipelekwe kwa fundi. Kebo ya klachi iliyokauka huwa nzito mno, na kuitia mafuta au kuibadilisha si gharama kubwa. Fundi anaweza pia kuzungusha kidogo mikono ya breki na klachi ili kiwiko cha mkono na kiganja vikae bila kujipinda. Raba nene za usukani hupunguza kazi ya kukamata. Penye foleni, ni afadhali kutoa gia kuliko kukaa umebana klachi. Ziko hata pikipiki zisizo na mkono wa klachi, kama Honda Super Cub iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Gia zake hubadilishwa kwa mguu tu.

Lililo gumu ni kumwambia. Mwanamume akiambiwa hafai kuendesha, husikia kwamba hafai kulisha nyumba. Tusiseme mbele ya watoto, wala mbele ya mama mkwe. Tungoje jioni, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, tumwombe akubali jambo moja: kila asubuhi, kabla ya kuondoka, abane breki na klachi hadi mwisho, haraka haraka, mara 10. Akishindwa, siku hiyo mtoto anakwenda shuleni kwa miguu, na baba anapanda basi. Nauli itoke kwenye pesa ya sukari, ikibidi.