Gari la Urithi na Njia ya Gotu



Katika baadhi ya nyumba za pwani yetu lingali limeegeshwa chini ya mwembe Land Rover kuukuu aliloliacha babu. Vijana hutamani kulifufua ili waende nalo safari ya mbali pamoja na jamaa zao, na mara nyingi huanza na vya kuonekana: rangi mpya, taa kubwa, keria juu ya paa. Juma hili twawaomba wazazi watazame yaliyo chini ya rangi.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza wakati huo ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu, na fremu inayoibeba ikawa ya chuma. Ndiyo sababu gari laweza kupendeza kwa nje, hali ya kuwa chumvi ya bahari imekwisha kuila fremu kwa ndani. Fundi mwaminifu huigonga fremu yote kwa nyundo ndogo: palipo pazima hulia kwa mlio mkali, palipoliwa na kutu huitika kwa sauti butu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa shida mahali pasipo na fundi.

Tuichukue Gotu iwe kipimo chetu. Iko Isiolo, ukingoni mwa mto Ewaso Nyiro, utokao upande wa Aberdare na Mlima Kenya kuelekea kinamasi cha Lorian. Kutoka Mombasa hadi mji wa Isiolo kwa kupitia Nairobi ni zaidi ya kilomita 700. Baada ya hapo yangoja changarawe, mawe na joto kali. Land Rover fupi la zamani lina tangi la lita 45 hivi, na lita moja hulipeleka kilomita 6 au 7 tu. Basi tangi la pili si anasa. Rejeta isafishwe, mipira ya maji na ya breki ibadilishwe yote. Breki zake ni za dramu, nazo zikilowa hupungua nguvu. Dereva avukapo maji hana budi kuzikanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke.

Lakini lipo linalotugusa zaidi. Nyuma ya magari mengi ya aina hii mna mabenchi yanayotazamana, yasiyo na mikanda. Huko ndiko wanakokalishwa wanawake na watoto, pamoja na mizigo. Ikiwa fedha zatosha marekebisho mamoja tu, basi yawe viti vinavyotazama mbele, vilivyofungwa imara kwa bolti, vyenye mikanda, na wavu wa chuma kati ya abiria na mizigo. Keria isubiri, kwani mzigo mzito juu ya paa hulifanya gari liwe jepesi kupinduka.

Kwa hiyo, hesabu ya matengenezo iletwapo nyumbani, mama asiiache ipite kwa kuwa ni mambo ya gereji. Na aulize matatu: fremu imegongwa? Breki zimefanywa upya? Watoto watakaa wapi? Majibu yakipatikana, ndipo rangi ichaguliwe.