Viza iliisha juu pasipoti haikutoka: tuache kulaumu wanafunzi

Vijana wenzetu, mulio ndani ya inchi na mulio ku inje,

Kila mwaka ni maneno ile ile. Mwanafunzi mukongomani anakamatwa ng'ambo bila viza, na hapa nyumbani watu wanasema: « Bazazi baliuzisha parseli, yeye akaenda kucheza. » Wanahukumu mbele ya kuuliza. Sisi tunauliza: ile viza ilimukosa namna gani?

Tuseme ukweli kwanza. Wako wenye waliacha masomo na kubaki kuzunguka tu. Hao wajibu wenyewe. Sisi tunaandika juu ya yule mwenye anasoma, mwenye alilipa minervali, mwenye hana deni ku shule, na bado anaamuka siku moja akiwa mutu asiye na karatasi.

Tuchukue India. Vijana wetu wengi walienda kule juu masomo ni ya bei nafuu kuliko Ulaya. Mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anapaswa kujiandikisha ku ofisi ya wageni, yenye wanaita FRRO, ndani ya siku 14 tangu afike. Viza ikikaribia kuisha, anaomba kuongezewa kwa njia ya intaneti. Anatoa barua ya shule yenye kuhakikisha kama anasoma kweli, karatasi ya nyumba kwenye analala, na pasipoti yenye ingali na muda.

Barua ya shule atakimbilia, ataipata. Karatasi ya nyumba ataomba kwa mwenye nyumba. Lakini pasipoti hawezi kujitengenezea. Inatoka kwa serikali ya Congo tu.

Sasa tufanye hesabu. Pasipoti yetu inadumu miaka 5. Kijana aliitoa mwaka 2021 juu ya kutafuta shule. Alisafiri 2022. Masomo ya injinia kule ni miaka 4. Pasipoti inakufa 2026, wakati angali anangojea diplome. Ile si bahati mbaya. Ilikuwa ndani ya kalenda tangu siku ya kwanza, na serikali yenye iliandika ile tarehe inaijua kuliko mutu yeyote.

Na si kusema hatulipi. Mwaka 2015 walituwekea pasipoti ya dola 185. Mwaka 2017, shirika la habari Reuters lilifichua kama ku kila dola 185, serikali ilipata 65 tu, na dola 60 zilienda kwa kampuni moja ya Falme za Kiarabu. Mwaka 2020 bei ilishuka mpaka dola 99. Tulifurahi. Lakini kila mutu mwenye alisimama ku gishe anajua kama bei ya ku ukuta na bei ya kweli si ndugu. Kati yao kuna matabishi.

Mwenzetu mumoja, tunaficha jina lake na inchi kwenye anasoma juu ya usalama wake, aliomba pasipoti mupya wakati ya zamani ilibakiza miezi 5. Alitoa alama za vidole, akalipa, akangoja. « Rudia wiki ijao. » « Mashini iko na panne. » « Vitabu viliisha. » Ilitoka mwezi wa 8. Viza yake ilikuwa imekufa miezi 3. Shule ilimukatalia mitihani. Faini yenye alipigwa ilipita pesa ya kodi ya nyumba ya miezi 4. Ni nani alilipa? Mama yake, mwenye anauzisha unga ku soko hapa Goma. Na tangu Januari 2025 banki za Goma zilifungwa, basi alituma kwa simu, kidogo kidogo, na kila mara walimukata. Mutu wa gishe hakulipa hata franka moja.

Kama mutu anafikiri ni mambo ya karatasi tu, akumbuke Bengaluru. Agosti 2021, kijana wetu mwenye aliingia India kwa viza ya masomo alikufa akiwa mikononi mwa polisi. Polisi ilisema ni moyo. Waafrika wenye waliandamana mbele ya kituo walipigwa fimbo. Iliandikwa kama viza na pasipoti yake ziliisha zamani. Hatusemi karatasi ndiyo ilimuua. Tunasema: mutu bila karatasi ni rahisi kumufunga, ni ngumu kumutetea, na hawezi hata kuita polisi siku anaonewa. Sheria ya wageni ya India ya 1946, yenye ilitumika mpaka 2025, iliruhusu mpaka miaka 5 ya gereza.

Kwa hiyo tunadai:

1. Mwanafunzi akiomba pasipoti, risiti iandikwe tarehe ya kuipata. Ile tarehe ikipita, ambasadi itoe bure barua kwa ofisi ya wageni, iseme wazi kama kosa ni ya Congo.

2. Bei moja, ibandikwe ku ukuta, na risiti kwa kila dola.

3. Ambasadi iandikishe wanafunzi wote na iwaite mwaka muzima mbele pasipoti ziishe.

4. Bursi ya serikali ifike mbele ya tarehe ya kuongeza viza. Ikifika nyuma, haisaidie tena.

Na ninyi mulio kule: angalieni pasipoti yenu leo usiku. Kama inabakiza chini ya mwaka, anzeni kesho. Mulio Ufaransa, ombi la karti ya kukaa linapelekwa kati ya mwezi wa 4 na wa 2 mbele iishe. Mutunze kila risiti na kila barua yenye kuonyesha kama muliomba mapema. Muda ukipita, musijifiche. Muende ku shule, museme, mutafute wenzenu. Mwenye kujificha anabaki peke yake.

Sisi tuliobaki hapa na diplome bila kazi hatuna dola za kuwatumia. Lakini miguu ya kwenda kusimama mbele ya ile gishe tunayo, na muda tunao mwingi. Wao ndio walitupatia huo muda.

Pasipoti si zawadi. Tuliilipa. Itoke.