Sijakatika, Pasta

Ilikuwa kesha ya Ijumaa, saa saba usiku, kwenye kanisa moja la mabati huku Eastlands. Pasta alishusha sauti, akafumba macho, akasema kama kuna mtu hapa ndani hasikii kitu mwilini, ajue laini yake na Mungu imekatika. Kinanda kikapanda. Watu wakaanza kulia, wengine wakaanguka. Mimi sikuwa nasikia kitu isipokuwa njaa na baridi ya miguu. Lakini nililia. Nililia kwa nguvu kuliko dada aliyekuwa mbele yangu, kwa sababu niliogopa kujulikana.

Asubuhi nikatuma shilingi 1,500, sadaka ya kurudishiwa uhusiano wangu na Mungu. Pesa kwa simu hazikutosha, ikabidi nifulize. Yaani nilikopa ili nimfikie Mungu ambaye Zaburi 139 inasema hata nikijificha kuzimu nitamkuta huko.

Sina ugomvi na kesha. Ugomvi wangu ni na hii lugha ya netiwaki. Siku hizi tunamwongelea Mungu kama bando: limeisha, halisomi, nunua lingine. Na mahali bando linaisha kila wiki, lazima kuwe na mtu anauza. Kijana akiamka Jumatatu bila ile moto ya Jumapili anaambiwa ana dhambi iliyofichika, ama kwao kuna laana. Hakuna anayemuuliza kama amelala, ama kama amekula.

Eliya aliulizwa. Soma 1 Wafalme 19. Nabii amechoka, amekaa chini ya mti, anaomba afe. Malaika hamwambii aombe kwa sauti zaidi. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. Baadaye ndipo kunakuja upepo, tetemeko na moto, na Mungu hayumo katika hayo yote. Anakuja kwa sauti ndogo, ambayo spika zetu za kesha zingeimeza bila mtu kujua.

Ama chukua Mama Teresa wa Kalkuta. Alifariki 1997. Barua zake zilipochapishwa mwaka wa 2007, watu walishtuka kusoma kwamba kwa miaka mingi sana, karibu nusu karne, alikuwa akiomba na hasikii chochote. Kimya. Na bado aliamka kila siku kuosha wagonjwa. Kwa kipimo cha pasta wangu, huyo mama alikuwa amekatika maisha yake yote. Hata Zaburi 88 inaishia gizani, na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia.

Najua mtanijibu nini. Kwani hatufai kumtafuta Mungu kwa bidii, kwa kufunga na kuomba? Tunafaa. Mimi mwenyewe hufunga. Lakini sisi ni nchi ya Shakahola. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na kabla kazi iishe ilikuwa imetolewa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo. Watu waliaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Paul Mackenzie alikana mashtaka, na hayo ni ya mahakama. Sisemi kila mwenye maiki ni Shakahola nyingine. Nasema ukishakubali kwamba kuna mtu mmoja anayeshika mita ya kupima ukaribu wako na Mungu, hujui atakuambia ulipe nini kesho.

Shosho yangu, kule Murang'a, alikuwa mtu wa Uamsho, ile moto iliyotoka Rwanda miaka ya 1930 ikaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Nisimpambe sana, maana watu wake walikuwa wakali. Herini ilikuwa dhambi, na kuungama mbele ya watu kuliwaaibisha wengi. Lakini wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kiapo, na wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, na kuna waliouawa kwa sababu hiyo. Sijawahi kusikia shosho akisema amesikia umeme mwilini. Swali lao kwenye ushirika lilikuwa lingine: mmekosana na nani? Ukitaja jina, unaambiwa inuka uende. Kama ni deni, ulipe. Kama ni jembe la mtu, ulirudishe. Niliwahi kumsindikiza shosho, nikiwa mdogo, kupeleka kuku kwa mama waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Nililalamika njia nzima. Hakuniambia ni mambo ya kiroho, aliniambia nishike kuku vizuri.

Sasa wiki ile niliyotuma 1,500, nilikuwa na deni la shilingi 800 kwa mama anayeuza mandazi kwa geti ya ploti yetu. Miezi mitatu. Nilikuwa nimeanza kupitia mlango wa nyuma, kwenye maji taka, ili tusikutane. Na Mathayo 5 iko wazi: ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukumbuke ndugu yako ana neno nawe, iache hapo, nenda mpatane kwanza. Mimi niliruka mama, nikaenda moja kwa moja kwa Paybill.

Nilimlipa mwisho wa mwezi. Sikusikia kitu. Hakuna mwili kusisimka, hakuna machozi, ni aibu tu. Alihesabu noti mara mbili, akaziweka kwa leso.

"Nilidhani ulihama," akasema.

"Nilikuwa, mama. Pole."

Akanifungia mandazi mbili kwa gazeti, moto. Nikamshukuru, nikaanza kuondoka.

"Wee kijana," akaniita. "Hizo ni za kulipa."