Miwa ya Makurunge na Mikarafuu Yetu

Ndugu wanachama, wako wanaotuuliza: mbona wenzetu wa Makurunge, kule Bagamoyo, wana zao la miwa kila mwaka? Jawabu ni hili. Muwa hupandwa kwa kipande cha shina, na ukikatwa, kisiki huchipua tena. Mkarafuu sivyo: hupandwa kwa mbegu mbichi, hutaka kivuli ungali mche, na hukawia miaka 6 au zaidi kuzaa. Kisha hutulisha miaka mingi.

Kwa hiyo tupande mapema. Dhoruba ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikashika mbele. Angojaye mti mkongwe ufe ndipo apande, atakaa miaka bila ya zao. Tunawasihi: masika yajayo, kila pengo shambani lipate mche.