Wapeni Wanafunzi Mashine za Kuharibu

Leo nataka kuwachokoza wakuu wa idara za kompyuta hapa Nairobi, kuanzia vyuo vya katikati ya jiji hadi vile vya upande wa Westlands. Swali langu ni moja tu: utamfundishaje mtu mfumo endeshi ikiwa haruhusiwi kuugusa?

Chuo nilikosomea mimi kilikuwa na maabara nzuri. Lakini neno la siri la msimamizi alikuwa nalo fundi mmoja tu. Huwezi kuweka programu, huwezi kubadilisha mipangilio ya mtandao, hata waya huchomoi. Jinsi mfumo unavyogawa memori tuliisoma kwenye slaidi, tukaikariri, tukapita mtihani. Siku hizi nawahoji vijana wanaotafuta kazi, wana shahada safi, na hawajawahi kuwasha seva yao wenyewe. Akili wanazo sana. Walichonyimwa ni mashine ya kuharibu.

Dawa ipo tangu Februari 2012, Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa kwa dola 35. Ni kijikompyuta cha kutosha kiganjani, kinachoendesha Linux kutoka kwenye memori kadi. Mwanafunzi akivuruga kila kitu, anaiandika upya kadi, anakunywa chai, anaanza tena. Ndiyo, utaongeza chaja, kadi na kibodi. Bado ni nafuu kuliko kompyuta ya mezani.

Najua mtasema hivyo ni vitu vya watoto. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Profesa Simon Cox na wenzake waliunganisha Raspberry Pi 64 zifanye kazi kama mashine moja, wakazipanga kwenye rafu za Lego. Mwaka 2017 maabara ya Los Alamos, Marekani, yenye kompyuta kubwa za kutisha, ilipata mtambo wa Raspberry Pi 750 ili waandishi wa programu wafanyie majaribio hapo bila kushika zile ghali. Na kwa utafiti tusiende mbali: Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wametumia Raspberry Pi kurekodi sauti za ndege.

Mtasema ziko polepole. Huo ndio uzuri wake! Kwenye mashine kubwa, kodi mbovu hujificha nyuma ya kasi. Kwenye mashine yenye memori ya gigabaiti 1, inakuumbua papo hapo. Kufunza modeli kubwa za akili bandia, hapo sibishi, kunataka mitambo mizito. Masomo ya mitandao na mifumo endeshi hayaitaki.

Je, stima ikipotea? Ile Raspberry Pi ya kwanza ilitumia takriban wati 3.5, hata pawabenki iliiweza. Na wizi? Ziazimisheni kama vitabu vya maktaba, kwa kitambulisho na sahihi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla ya kuandika bajeti nyingine ya maabara ya kufungiwa kufuli, nunueni vijikompyuta 30 na swichi moja, mwagawie wanafunzi wa mwaka wa pili pamoja na neno la siri. Nyingine zitaungua. Sawa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na idara ikichelea mashine kuharibika, tutakaolia ni sisi tunaowapokea vijana hao kazini.