Kaburi la Mwene na Tanuru la Mfua Chuma

Tangu Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun huko Misri mwaka 1922, watu wengi hudhani kwamba kuchimba mambo ya kale ni kumtafuta mfalme aliyelala juu ya dhahabu. Mwenye mawazo hayo akifika Sumbawanga ataulizia kaburi la Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi. Lakini masimulizi ya Ufipa yanasema Ntatakwa alishuka kutoka mbinguni. Na mtu wa mbinguni, twadhani, si rahisi kumpata kwa sururu.

Hatukatai kwamba makaburi ya watawala yana elimu yake. Huko Rwanda lilichimbwa kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, na taarifa iliyochapishwa mwaka 1972 ilionyesha kuwa alizikwa pamoja na vyombo vya chuma. Tazameni, ndugu: hata mfalme kaburini aliihitaji kazi ya mfua chuma!

Kazi hiyo, kwa Ufipa, haikufukiwa. Ni malungu, yaani matanuru ya udongo yenye kimo cha karibu mita 3, yaliyovuta hewa kwa matundu ya chini pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, ndipo kikafuliwa majembe. Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi na kuyaandikia kitabu. Hayakujengwa kwa mkono wa mwene yeyote. Yalijengwa na wachimba mawe, wakata kuni na wachoma makaa, ambao majina yao hakuna aliyeyahifadhi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayakinga majengo na makaburi ya kabla ya mwaka 1863. Wafipa waliendelea kuyeyusha chuma hata karne ya 20 ilipokwisha kuingia. Kwa hiyo kaburi la mwene wa zamani lina kinga bila mtu kuomba, lakini ilungu lililojengwa mwaka 1900 linangoja Waziri alitangaze. Na linapongoja, mvua inalimomonyoa na ng'ombe wanajikuna ubavuni mwake.

Twazitaka Halmashauri za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi ziyahesabu malungu yaliyosimama, kijiji kwa kijiji, na kuipeleka orodha kwa Waziri. Wanaotafuta kaburi watafuata baadaye, wakiwa na kibali cha sheria mkononi na ruhusa ya wazee wenye marehemu wao.